Uso Uliokosa Nuru: Kuboresha Mwanga wa Video katika Studio Ndogo ya Nyumbani, Malindi na Kilifi

Utangulizi

Fasihi simulizi ni fasihi ya uso kwa uso. Kauli hii hurudiwa katika kumbi za mihadhara hata ikazoeleka masikioni. Hata hivyo, mwanafunzi anapokwenda nyanjani na kamera, aghalabu hurejea na sauti safi na uso usioonekana. Anakuwa amekusanya nusu ya alichokiendea.

Mwandishi wa makala haya alilitambua jambo hilo kwa njia ya fedheha. Tulikuwa wanafunzi wanne tuliokwenda Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, kumrekodi bibi mmoja mtambaji wa ngano. Tulimketisha sebuleni kwake, mgongo ukielekea dirishani, maadamu hapo ndipo palipokuwa na mwanga mwingi zaidi. Alitamba kwa takriban saa mbili. Alipomaliza, tulimwonyesha video kwa furaha. Kilichoonekana ni umbo jeusi lililozungukwa na weupe mkali, mithili ya kivuli ukutani. Bibi alitazama kwa muda, kisha akasema: "Sauti naisikia, wajukuu zangu, lakini mwenyewe simo."

Makala haya yananuia kueleza kwa nini alikosekana mle, na namna ya kumwonyesha. Tutazingatia vyumba vidogo ambamo kazi zetu nyingi hufanyikia: chumba cha kupanga mjini Kilifi ambacho wanafunzi wamekigeuza kuwa studio, au sebule ya msimulizi mwenyewe. Hoja yetu kuu ni kuwa mwanga mzuri hautokani na wingi wa taa. Unatokana na kujua nuru inatoka upande gani, ina upana kiasi gani inapomfikia mtu, na ni wapi inapaswa kuzuiwa. Maarifa haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji jicho lililofunzwa kutazama.

Uso kama Sehemu ya Matini

Wataalamu wa fasihi simulizi wamelisisitiza suala la utendaji kwa miongo mingi. Ruth Finnegan, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika kilichochapishwa mwaka 1970, alionyesha kuwa maneno peke yake hayatoshi kuiwakilisha kazi simulizi. Isidore Okpewho aliendeleza mjadala huo katika kitabu chake cha mwaka 1992. Ikiwa tunakubaliana nao kwamba mtupo wa jicho, mkunjo wa paji na tabasamu linalozuiwa ni sehemu ya masimulizi, basi hatuna budi kukubali pia kwamba video yenye uso wa giza ni matini yenye kurasa zilizochanwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa Malindi na Kilifi. Misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mila na desturi zinazohusiana na Kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Wanaozijua mila hizo kwa ukamilifu wengi wao ni wazee. Si kila mmoja wao atapatikana tena mwaka ujao ili tusahihishe makosa yetu ya leo.

Tabia Nne za Nuru

Kabla ya kupanga chumba, ni sharti tuzielewe tabia nne za nuru. Mengine yote katika makala haya ni matunda ya hizo nne.

Tabia ya kwanza ni umbali. Nuru ya taa ndogo hupungua haraka kadiri inavyosafiri. Umbali ukizidishwa mara mbili, nuru hubaki robo. Ukizidishwa mara tatu, hubaki sehemu moja kwa tisa. Tuchukue mfano. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na mita 2 kutoka ukuta wa nyuma, ukuta utapata robo tu ya nuru inayoupata uso. Hivyo uso utang'aa na ukuta utafifia. Taa hiyohiyo ikisogezwa hadi mita 3 kutoka usoni na mita 4 kutoka ukutani, ukuta utapata zaidi ya nusu ya nuru ya usoni, na vyote viwili vitaonekana kama vimebandikwa pamoja. Kwa hivyo, katika chumba kidogo, kusogeza taa karibu na mtu ni njia ya kumtenga na ukuta bila kununua chochote. Dirisha pana halifuati kanuni hii kwa ukamilifu ukiwa karibu nalo, lakini mwelekeo ni uleule: kila hatua unayorudi ndani ya chumba inakupunguzia nuru.

Tabia ya pili ni upana wa chanzo. Taa ndogo hutoa vivuli vyenye kingo kali. Pua huchora mstari mweusi shavuni na kila kunyanzi huonekana kama ufa. Chanzo kipana hutoa vivuli laini vinavyoyeyuka polepole. Upana huu hupimwa kwa kulinganisha na umbali. Jua ni kubwa kupita kiasi, lakini kwa kuwa liko mbali mno, huonekana angani kama kisahani kidogo na vivuli vyake ni vikali. Wingu likilifunika, anga yote hugeuka kuwa taa, na vivuli hulainika. Kanuni hii ndiyo inayotufundisha kutundika shuka jeupe mbele ya taa. Balbu yenye upana wa sentimita 10 ikimulika shuka lenye upana wa mita 1, kinachommulikia msimulizi si balbu tena bali ni shuka. Chanzo kimepanuka mara kumi.

Tabia ya tatu ni mwelekeo. Nuru inayotoka palepale ilipo kamera huusawazisha uso hata ukawa bapa kama sarafu. Nuru inayotoka nyuma huufanya uso kuwa giza, kama ilivyotokea Ganda. Nuru inayotoka ubavuni, baina ya kamera na bega la msimulizi, na juu kidogo ya macho yake, huupa uso umbo: upande mmoja hung'aa, upande wa pili huwa na kivuli cha kiasi, na macho yote mawili huwa na nukta ya mng'ao. Nukta hiyo ndiyo humfanya mtazamaji ahisi kuwa anatazamana na mtu aliye hai.

Tabia ya nne ni rangi. Macho yetu hujirekebisha hata tusitambue kuwa nuru ya koroboi ni ya rangi ya chungwa na ya uvulini ni ya buluu. Kamera haina stahamala hiyo. Wataalamu hupima rangi ya nuru kwa kelvini. Mwali wa koroboi au mshumaa hukaribia kelvini 1,900. Balbu ya manjano huwa kati ya 2,700 na 3,000. Jua la mchana ni takriban 5,500. Na uvuli ulio chini ya anga ya buluu hupita 7,000. Mtu akimulikwa na dirisha upande mmoja na balbu ya manjano upande wa pili, atakuwa na mashavu mawili yenye rangi mbili, na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayowapatanisha. Kanuni ni nyepesi: chagua aina moja ya nuru, zima nyingine.

Jua, Upepo na Madirisha Yetu

Vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humshauri msomaji atafute dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa jua haliingii humo moja kwa moja. Ushauri huo ni wa kweli huko, mbali kaskazini mwa ikweta, ambako jua la mchana daima huwa upande wa kusini. Wahenga wetu, hata hivyo, walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na Kilifi iko nyuzi 3 na nusu hivi. Kwetu jua huhama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, hupita upande wa kaskazini. Kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi mapema Machi, hupita upande wa kusini. Baina ya misimu hiyo hupita utosini.

Kwa hivyo dirisha bora kwetu si moja bali ni mawili, kwa zamu. Katika miezi ya Aprili hadi Septemba, dirisha la kusini ndilo lenye nuru tulivu isiyo na miale mikali. Katika miezi ya Oktoba hadi Februari, ni dirisha la kaskazini. Madirisha ya mashariki na magharibi hufaa nusu ya siku tu: la mashariki baada ya adhuhuri, la magharibi kabla yake.

Hapa pana jambo ambalo kila mvuvi wa Kilifi angelitambua mara moja. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini katika miezi ileile ambayo jua liko kaskazini, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini jua likiwa limehamia kusini. Si sadfa. Pepo hizi huvutwa kuelekea upande ambao jua limeupasha joto zaidi. Natija yake kwa mpiga video ni kuwa dirisha lenye nuru tulivu ndilo aghalabu lenye upepo. Pazia litapepea, kivuli kitachezacheza usoni, na kinasa sauti kitavuma. Suluhisho ni kuwamba shuka kwenye fremu ya miti na kulifunga imara kwa kamba pembe zote nne, badala ya kulining'iniza tu. Aidha, kinasa sauti kiwekwe upande ambao mwili wa msimulizi mwenyewe unakikinga.

Saa nazo zina umuhimu wake. Saa za Kenya hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Malindi iko karibu na nyuzi 40. Kwa sababu hiyo, jua hufika kilele chake yapata saa sita na dakika 20, likisogea mbele au nyuma kwa takriban robo saa kulingana na majira. Kwa kuwa kilele hicho hakiwi mbali na utosi, saa hizo hazifai kurekodi nje: matundu ya macho hugeuka mashimo meusi. Saa zinazofaa ni baina ya saa mbili na saa nne asubuhi, na baina ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Anayetarajia machweo marefu kama yale anayoyaona katika filamu za ughaibuni atahuzunika. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na baada ya kuzama, nuru inayobaki haidumu zaidi ya dakika 20 hivi.

Kukipanga Chumba

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa mita 3.5, kipimo cha vyumba vingi vya kupanga. Kosa la kwanza la wengi ni kuiweka kamera ukuta huu na msimulizi ukuta ule, kisogo kikigusa rangi. Tumia mshazari wa chumba. Kutoka pembe hadi pembe, chumba hiki kina mita 4.6. Msimulizi akae mita 1.5 kutoka pembe ya nyuma, kamera iwe mita 2 mbele yake, na mpiga video abaki na zaidi ya mita 1 ya kusimama. Nyuma ya msimulizi patakuwa na nafasi, na kivuli chake hakitaangukia ukutani pale pale.

Hatua ya pili ni kuzima kila taa na kufunga kila dirisha isipokuwa moja. Watu wengi huanza kwa kuongeza taa, ilhali inapasa kuanza na giza. Mketishe msimulizi karibu mita 1 kutoka dirisha lililochaguliwa, dirisha likiwa ubavuni pake na mbele kidogo. Mwombe ageuze uso taratibu kuelekea dirishani, nawe utazame shavu la mbali. Litakapopata pembetatu ndogo ya nuru chini ya jicho, mwambie atulie hapo.

Hatua ya tatu ni kiakisi. Upande wa pili wa uso utakuwa na kivuli, na katika chumba chenye kuta za rangi ya kukolea kivuli hicho huwa kizito. Weka kitu cheupe umbali wa sentimita 60 hivi kutoka shavuni: shuka, kadibodi iliyobandikwa karatasi, au ule ubao mwepesi mweupe unaotoka katika kasha la televisheni. Kisogeze mbele na nyuma, na utauona uso ukifunguka na kufumba. Karatasi ya foili hurudisha nuru nyingi zaidi, lakini ni kali na huweza kumtia msimulizi kiwi. Kanga za rangi zisitumiwe kwa kazi hii. Kanga nyekundu hurudisha nuru nyekundu. Vivyo hivyo, ukuta wa kijani ulio karibu na uso huupaka ukijani. Utundikie kitambaa cheupe, au cheusi ikiwa unataka kivuli kidumu.

Jambo hili wazee wetu walilijua kabla ya kamera. Magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yana nyumba ambazo nuru iliingia vyumbani kutoka uani kupitia milango, na kuta zake zilipigwa lipu ya chokaa. Ukuta mweupe hupokea nuru chache ya mlangoni na kuisambaza hadi ndani. Anayekipaka chumba chake rangi nyeupe isiyong'aa hafanyi jambo geni katika pwani hii.

Nyumba ya makuti ni kinyume chake. Makuti ni meusimeusi, nayo humeza nuru yote inayopanda juu. Humo usitarajie msaada wowote kutoka darini. Tegemea mlango na kiakisi. Isitoshe, msimulizi anayeketi mkekani huwa chini sana ya dirisha, na nuru humwangukia kutoka juu hata macho yakazama. Tandika shuka jeupe sakafuni mbele yake, nje kidogo ya picha. Nuru itagonga shuka na kupanda hadi machoni. Usimwondoe mkekani na kumpandisha kiti cha plastiki kwa ajili ya kamera. Atambaye mkekani hutumia mwili wake kimkekani, na ukimwinua utakuwa umebadilisha utendaji uliokwenda kuurekodi.

Ngozi, Kanzu na Jicho la Kamera

Neno kamera asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Mapema katika karne ya 11, Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri, alitumia chumba chenye giza na tundu dogo kuchunguza namna nuru inavyosafiri. Kamera zetu ni vyumba vya namna hiyo vilivyopunguzwa. Lakini ndani ya chumba hicho kidogo kuna dhana ambayo ni muhimu tuijue.

Kamera inapojirekebisha yenyewe, hudhani kuwa mandhari yote kwa wastani ni ya kijivu cha katikati. Ikiona weupe mwingi, hupunguza nuru. Ikiona weusi mwingi, huongeza. Mzee mwenye ngozi nyeusi, aliyevaa kanzu nyeupe na kuketi mbele ya ukuta wa chokaa, huipotosha kamera hiyo. Itaupunguza weupe, na uso wake utaangamia. Hii ndiyo sababu ya pili ya bibi wa Ganda kukosekana katika video yetu: dirisha lililokuwa nyuma yake liliiamuru kamera ifumbe jicho.

Upigaji picha una historia isiyopendeza katika suala hili. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, kampuni ya Kodak ya Marekani ilisambaza kadi za kusawazishia rangi zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Ngozi nyeusi ilipotea gizani, na lawama ikaangukia ngozi badala ya kipimo. Msimulizi wetu asiambiwe kamwe kuwa yeye ni mweusi mno kwa kamera. Kosa liko katika mpangilio wa nuru.

Tiba yake ina sehemu tatu. Kwanza, pima nuru kwa uso. Katika simu nyingi, ukibonyeza na kushikilia mahali penye uso kwenye skrini, kiwango cha nuru hufungwa hapo na hakibadiliki wingu likipita. Pili, punguza weupe unaomzunguka msimulizi: sogeza ukuta mbali, funga dirisha la nyuma, au mwombe kwa heshima ajitande kitambaa kisicho cheupe sana, ikiwa hilo haliharibu vazi la shughuli. Tatu, na hili ndilo husahaulika zaidi, tumia chanzo kipana badala ya chanzo kikali. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Taa ndogo huacha juu yake nukta kali kama za jasho. Shuka au dirisha huacha mng'ao mpana unaofuata mfupa wa shavu na paji. Kwa kuwa joto la pwani huleta jasho la kweli, weka leso safi karibu, na mpe msimulizi nafasi ya kujifuta kila baada ya hadithi.

Anayevaa miwani aongezewe jambo moja. Nuru hurudi kwa pembe ileile iliyoingilia. Ikiwa taa inaonekana kwenye kioo cha miwani, ipandishe juu au isogeze ubavuni hadi ipotee. Usimwombe avue miwani aliyoizoea.

Umeme na Taa

Usiku ukiingia, au studio ikiwa haina dirisha linalofaa, taa huhitajika. Taa za zamani za halojeni za wati 500 hazifai katika chumba kidogo cha pwani: huchemsha hewa, na zinaweza kuunguza kitambaa kilicho karibu. Taa ya LED ya wati 10 hutoa mwanga unaokaribia wa balbu ya kizamani ya wati 60 kwa joto dogo zaidi. Unaponunua, soma kasha. Tafuta rangi ya kelvini 5,000 hadi 5,600 ikiwa taa itatumika pamoja na dirisha, na kipimo cha uaminifu wa rangi kinachofika 90 kati ya 100 au zaidi. Hata taa ya LED isikandamizwe na kitambaa. Iachiwe nafasi ya kupumua.

Umeme wa Kenya hugeuka mkondo kwa mizunguko 50 kila sekunde, na kwa sababu hiyo taa dhaifu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera huona. Matokeo yake ni mistari ya giza inayotambaa juu ya picha. Ukiwa na programu inayokuruhusu kuchagua kasi ya kilango cha kamera, tumia moja kwa 50 au moja kwa 100 ya sekunde. Kabla ya kununua taa dukani, iombe iwashwe, ielekeze kamera ya simu kwake na utazame. Mistari ikionekana, irudishe.

Umeme nao hukatika. Taa moja ya kuchaji iliyojaa ni bora kuliko taa tatu za ukutani zilizozimika ngano ikiwa katikati.

Taa ya kwanza, nyuma ya shuka, ifanye kazi ya dirisha. Kiakisi kifanye kazi ileile tuliyoieleza. Ukipata taa ya pili, iweke juu na nyuma ya msimulizi, nje ya picha, imulike mabega na mtandio wake ili asizame katika giza la nyuma. Kabla ya haya yote, muulize kama mwanga unamuumiza macho. Wazee wengi wana mtoto wa jicho, na taa kali huwatesa. Msimulizi anayefinya macho kwa maumivu hawezi kuwa msimulizi mzuri, na akikataa taa, ombi lake litangulie picha yetu.

Suala la Istilahi

Baadhi ya wanafunzi hudai kuwa maarifa haya hayazungumziki kwa Kiswahili. Makala haya yawe ushahidi wa kinyume. Lugha yetu hutofautisha uvuli na kivuli: uvuli ni pale penye kukingwa jua, panapofaa kurekodia, kivuli ni umbo la giza linaloangukia shavu au ukuta. Mpiga video huhitaji tofauti hiyo kila siku. Tuna kiwi kwa nuru inayopofusha, na utusitusi kwa nuru hafifu. Tuna kiakisi. Kwa kitambaa kilichowambwa kulainisha nuru, twapendekeza kiwambo, neno ambalo tayari hutaja kilichowambwa. Kwa taa tatu za studio twapendekeza taa kuu, taa saidizi na taa ya kisogo. Istilahi hizi zijaribiwe kazini. Zitakazowafaa mafundi zitabaki.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa studio ndogo ya nyumbani, katika Malindi na Kilifi, inaweza kutoa video zenye hadhi kwa dirisha moja, shuka moja na subira. Yamesisitiza kuwa nuru iwe pana, iwe karibu, itoke ubavuni, na iwe ya rangi moja. Kwamba dirisha lichaguliwe kwa kufuata msimu. Na kwamba kamera ipime uso. Twapendekeza kuwa kila kikundi cha wanafunzi kinachokwenda nyanjani kitenge nusu saa ya kutazama nuru kabla ya kubonyeza kitufe, na kwamba mafunzo haya yaingizwe katika maandalizi ya utafiti wa fasihi simulizi.

Tulirudi Ganda miezi miwili baadaye. Safari hii tuligeuza mkeka robo mzunguko tu, dirisha likawa ubavuni, na shuka jeupe tukalitandika mbele ya bibi. Hatukuwa na taa hata moja. Alipomaliza ngano ya kwanza tulimwonyesha. Alijitazama kimya, akaisogeza simu karibu na macho, kisha akatikisa kichwa. "Hapo nimecheka mapema," alisema. "Sungura bado hajanaswa. Turudieni." Tukarudia.